Ukoo wa Chilongani 🌳

Da Vero 18:04
Shikamooni wakubwa. Jumamosi watu wa Hombolo mnakuja mjini kupima mkojo, kuangalia kichocho. Mjomba Elia wewe wa kwanza, kwa hiyo damu kwenye mkojo. Majina kabla ya saa mbili.

Da Vero 18:47
Mmesoma wote, mbona kimya??

Juma 18:50
Nipo. Chai ipo?

Mjomba Elia 19:15
Vero haiumi. Damu kidogo tu mwishoni, ikakata yenyewe.

Da Vero 19:16
Ndiyo hiyo inayonitisha. Damu isiyouma inakuja siku moja inapotea miezi, na uvimbe upo palepale. Wewe una kichocho cha bwawani tangu utoto, sigara, na kupuliza rangi za magari bila barakoa. Vyote vitatu vinaleta saratani ya kibofu. Sumu ya sigara figo zinaichuja, inashinda kibofuni na mkojo.

Baraka 19:30
Kichocho si cha watoto?

Neema Maabara 19:34
Hapana. Mayai ya minyoo yananasa ukutani mwa kibofu, panakuwa kidonda, kovu, miaka inapita, seli zinageuka. Sampuli itolewe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ndipo mayai yanatoka kwa wingi. Tembea harakaharaka kwanza. Mkojo wa mwishomwisho usiumwage, ndio tunaoutaka.

Juma 19:36
Mjomba na harakaharaka 😂😂 labda aone fisi

Baraka 19:36
😂😂😂

Da Vero 19:37
Jamani!

Shangazi Yunia 20:31
Bwawani wanaingia kwa sababu hela ya mabomba ya shamba ilikwenda harusini. Wanaojua wanajua.

Baraka 20:33
Shangazi hilo tulilimaliza.

Shangazi Yunia 20:34
Mlilimaliza nyie.

Da Vero 20:36
Kwa sasa vaeni gambuti. Maji ya kuoga yakae kwenye pipa siku mbili, hakikisheni halina konokono. Vijidudu vya kichocho vinavyotoka kwa konokono vinakufa humo.

Juma 20:40
Si tununue tu dawa?

Neema Maabara 20:44
Prazikwanteli, dawa ya kichocho, ni kwa uzito, miligramu 40 kwa kilo. Mwenye kilo 60 ni vidonge 4 vya 600, ameshakula. Haiui minyoo michanga, ndiyo maana wengine hurudia baada ya wiki kadhaa. Kovu haifuti, saratani haitibu. Mjomba aangaliwe kwa kamera ya kibofu hata altrasaundi ikiwa safi, uvimbe mdogo huwa inaupita.

Babu 21:50
Elia. Baba yako mdogo alisema ni joto. Mnajua wote ilivyokuwa. Utakwenda. Na sigara leo iwe mwisho.

Mjomba Elia 22:10
Nimesikia Baba.

Da Vero 22:11
Asante Babu. Jumamosi saa tatu basi, tuombe na rufaa ya Hospitali ya Mkapa.

Mjomba Elia 22:25
Jumamosi nina gari la mtu la kupuliza. Labda Jumatatu.

Baraka 23:02
Gari langu lina mafuta ya kwenda. Ya kurudi tuongee.

Da Vero 23:03
Mjomba Jumatatu ya wiki hii? Na bima yako iko hai?

Mama Tumaini 06:40
Ndio naona. Jumamosi ipi?