Uvimbe wa kansa unajitengenezea wenyewe kichocheo cha kukua? Nisaidieni

Mtoto wa Newala
Wakuu habari za jioni. Mama mdogo ana uvimbe kwenye titi, walimkata kipande kidogo cha nyama wakapime, majibu yametoka wiki hii na daktari anasema huu uvimbe unajipa wenyewe amri ya kukua, kwenye karatasi wameandika HER2 3+. Sasa wajomba wamekaa kikao wamesema ale kidogo, hata uji anapewa nusu kikombe ili uvimbe ufe njaa. Jana nimemshika mkono, mfupa uko juu juu, roho imeniuma sana. Hivi ni kweli ukimnyima chakula uvimbe unasinyaa?

Fundi Maabara, Mtwara
Pole sana mkuu, msimnyime chakula jamani. Seli ya kawaida haijigawi hovyo, inasubiri ujumbe, na ujumbe wenyewe ni protini tunaziita vichocheo vya ukuaji, zinakuja zinashika kipokezi juu ya seli, taarifa inapokezanwa humo ndani mpaka kwenye kiini ndo seli inagawanyika. Umejikata na panga shambani, kidonda kikishafunga ujumbe unapungua, seli zinatulia. Kansa nyingi zinatengeneza kichocheo zenyewe na kukipokea zenyewe, yaani anayebisha hodi na anayefungua mlango ni mmoja, ss itakoma saa ngapi? Na zinamwaga kingine kinaitwa VEGF kinachovuta mishipa ya damu iote kuelekea kwenye uvimbe. Kwahiyo mkimnyima uji uvimbe unaendelea kujichotea kwenye damu yake, anayeisha ni mama.

Mimi hii iliniingia nilivyosoma habari za mwanasayansi mmoja, Rita Levi-Montalcini. Alipandikiza uvimbe wa panya kwenye kiinitete cha kuku, neva zikaota kwa fujo, akauweka kwenye utando wa nje usiguse neva kabisa, damu tu ndo inazunguka pamoja, na bado zikaota vilevile. Hapo akajua uvimbe unamwaga kitu, ndo hicho kichocheo cha ukuaji. Yeye na mwenzake Stanley Cohen walipata Nobel 1986 kwa kazi hiyo ya vichocheo.

Dada wa Lindi
Naongezea kidogo, HER2 yenyewe ni kipokezi, sio kichocheo. 3+ maana yake seli zimejaza vipokezi kupita kiasi mpaka vinashikana vyenyewe na kutoa amri ya kugawanyika hata kama hakuna kichocheo kilichokuja. Saratani ya titi ya hivi ni kama 15 mpaka 20 kwenye kila 100. Hiyo karatasi itunzeni sana, kwasababu ipo dawa inaitwa trastuzumab inakamata kipokezi hichohicho, Marekani waliipitisha 1998. Muulizeni daktari waziwazi kuhusu hiyo dawa na rufaa ya kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road Dar, msingoje msimu wa korosho uishe. Uji mpeni kikombe kizima, sagieni na karanga humo.

Mtoto wa Newala
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimemsomea mjomba mkubwa hapo kwenye anayebisha hodi na anayefungua, akanyamaza, akaomba nirudie. Sasa hivi ananiuliza nauli ya Dar imefika shilingi ngapi.