Vijana 20, mafundi wawili, miezi mitatu: tuwafundisheje uashi wasiishie kuwa saidia fundi?

Raskazone (Tanga)

Habari za humu wakuu. Naomba ushauri kwa wanaoijua kazi ya uashi na namna ya kuifundisha.

Kata yetu hapa Tanga mjini imeandikisha vijana 20 wa miaka 17 hadi 24. Wengi waliacha shule darasa la saba au kidato cha pili. Saba ni wasichana, wanne kati yao wana watoto wachanga. Ada ya chuo hawaiwezi, hata nauli ya kila siku ni shida. Serikali ya mtaa imetupa kiwanja kwa miezi mitatu, mafundi wawili wamekubali kufundisha kwa posho, na shule ya msingi ya jirani inahitaji choo cha matundu sita na uzio wa mita 60. Vifaa vya ujenzi vina mfadhili.

Wengine kwenye kamati wanataka vijana waingie moja kwa moja kwenye choo, wajifunze hukohuko. Mimi nahofia miezi mitatu itakwisha wakiwa wanajua kubeba ndoo tu. Waanze na nini? Vifaa kiasi gani? Na baadaye watapataje cheti na kazi?

Pimamaji

Mkuu, hofu yako ni ya kweli kabisa. Kwenye jengo la watu fundi ana tarehe ya kumaliza na saruji isiyo yake, kwa hiyo tofali likikaa upande analishika mwenyewe na kijana anarudishwa kwenye ndoo. Mafunzo mengi ya mtaani yanafia hapo. Choo kiwe cha mwisho.

Wiki nne za kwanza wajenge kuta za kubomoa. Udongo wa kujengea uwe wa chokaa iliyozimwa na mchanga, 1 kwa 4, bila saruji. Chokaa inashika taratibu kwa kuvuta hewa ya ukaa, kwa hiyo ukuta wa asubuhi unabomoka jioni tofali zikiwa nzima. Unazikwangua, unachekecha udongo, unatia maji, kesho unaanza upya. Asitokee mtu wa kuongeza kikombe cha saruji "ili ukuta ukae vizuri". Kesho yake tofali zimegandana, na nusu zitavunjika mkizibandua.

Hesabu yake: wawili wawili, vituo kumi. Kila kituo ukuta wa kozi nne, yaani safu nne, wenye tofali nne na nusu kwa kozi, yaani tofali 18 za inchi 6. Vituo kumi ni 180, weka na 20 za akiba. Kila ukuta unakula udongo wa lita 35 hivi, maana mwanafunzi anamwaga nusu ya anachochota. Mifuko miwili ya chokaa ya kilo 25 inatosha kuanzia. Vifaa kwa kila wawili: miko miwili, pimamaji ya mita moja, timazi (uzi wenye uzito wa kupimia wima), kamba, futi ya mita 5 na ndoo mbili. Toroli moja kwa vituo viwili, skwea tatu za kuazimana, chekeche moja.

Mmoja anajenga, mwenzake anasaidia, na adhuhuri wanabadilishana. Hapo msilegeze hata siku moja. Bila zamu, mwenye mkono mwepesi atajenga siku zote na mwenzake atakuwa mbebaji wake.

Kila ukuta upimwe kabla ya kubomolewa, na apimwe aliyeujenga peke yake. Timazi isipotee zaidi ya milimita 3 kwa mita, kiungio kiwe milimita 10, viungio vya wima visifuatane kozi kwa kozi. Andikeni namba kwenye daftari, msiandike "vizuri" au "bado".

Kosa mtakaloliona kila siku ni hili: kijana anasukuma tofali mpaka liguse kamba. Tofali la kwanza linaisogeza kamba kidogo, la pili linaifuata kamba iliyokwisha kusogea, na kufika la nne ukuta umetoa tumbo. Mwambie aache mwanya mwembamba kati ya tofali na kamba, kama unene wa sarafu, na awe anauona mwanga katikati. Kisha apige jicho kutoka mwisho wa kamba, asiangalie kutoka juu.

Kosa la pili ni mpira wa maji, ule wa kupimia usawa kati ya sehemu mbili. Wanaujaza kwa haraka moja kwa moja bombani, mapovu yanabaki ndani, na usawa unakosea kwa sentimita nzima. Maji yavutwe taratibu kutoka kwenye ndoo iliyoinuliwa, mpira uoneshe ndani wote, na wakati wa kusoma ncha zote mbili ziwe wazi. Mtu akiwa bado ameziba kwa dole gumba, anasoma uongo. Kabla ya kuanza, wekeni ncha mbili pamoja mahali pamoja: maji yasipolingana, kuna povu.

Pembe za msingi wafundishwe kwa 3, 4, 5. Mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, mshazari ukisoma mita 5 kamili pembe ni mraba. Wafanye hivyo kwa kamba na vigingi mpaka wafanye bila kuuliza.

Wiki ya tano ingieni kwenye uzio. Mita 60 mkizigawa kwa nguzo kila mita 3 mnapata vipande 20, na vijana wako ni 20. Kila mmoja apewe kipande chake, jina lake liwe kwenye daftari. Ukuta wa kozi saba unakwenda karibu mita 1.7 na kula tofali 46 hivi kwa kipande. Wajenge kozi nne siku ya kwanza, tatu siku inayofuata. Wakikimbilia saba kwa siku moja, viungio vya chini vitakamuliwa na uzito vikiwa bado vibichi, na upepo wa bahari ukivuma jioni ukuta unalala.

ChokaaNaMawe (Bagamoyo)

Nakubaliana na Pimamaji. Naongeza upande wa mchanga na vipimo, kwa sababu pwani yetu hii, kuanzia kwenu mpaka huku Bagamoyo, inaharibu majengo mapema kwa chumvi.

Mchanga wa ufukweni msiukubali hata ukiletwa bure. Chumvi yake inakula nondo, nondo ikishika kutu inavimba, na zege linapasuka na kudondoka vipande. Ukiona vipande vya kombe ndani ya mchanga, rudisha gari. Wa mtoni nao upimeni tope: jazeni chupa angavu mchanga mpaka nusu, ongezeni maji na chumvi kidogo ya kusaidia tope litue, tikiseni sana, acheni itulie kwa muda wa saa tatu. Tope linatua juu ya mchanga. Likizidi milimita 8 kwa kila milimita 100 za mchanga, uoshwe au ukataliwe. Wafanye vijana wenyewe, kila gari linapoingia.

Vipimo vya toroli ni chanzo kikubwa cha zege bovu: huyu anajaza mpaka kilele, yule nusu. Tengenezeni sanduku la mbao lisilo na kitako, ndani sentimita 40 kwa 35, kimo 25. Hiyo ni lita 35, sawa na mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50. Zege la 1:2:4 basi ni mfuko mmoja, masanduku mawili ya mchanga, manne ya kokoto, yote yakisawazishwa juu kwa ubao. Maji kama lita 25, na yapungue mchanga ukiwa umelowa. Vijana hupenda kuongeza maji ili zege liwe laini kulichota. Maji yale ya ziada yakikauka yanaacha matundu, na humo ndimo chumvi inamopita.

Tofali fyatueni wenyewe, ni somo tosha. Kwa saruji 1 kwa mchanga 8, mfuko unatoa tofali za inchi 6 kama 16 hadi 18. Ndiyo, ni chache kuliko zinazotangazwa barabarani. Anayetoa 40 kwa mfuko anauza mchanga. Kwa tofali 1,000 hesabuni mifuko karibu 60. Ziwekeni kivulini na kuzimwagilia mara tatu kwa siku kwa siku saba, kisha zikae angalau mpaka siku ya 14 kabla ya kujengewa. Maana yake ufyatuaji uanze wiki ya pili, sambamba na kuta za kubomoa, la sivyo wiki ya tano mtakuwa mmekaa mnasubiri tofali.

Nondo za linta, ile boriti ya zege juu ya mlango au dirisha, zifunikwe na zege la milimita 40 pwani hii. Finyangeni vipande vya zege vya kimo hicho na kuvifunga chini ya nondo kwa waya. Kuinua nondo kwa jiwe la kuokota ni kubahatisha.

Na hiyo chokaa msiione ya mazoezi tu. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Bagamoyo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Ukizipiga lipu ya saruji, unyevu unaopanda kutoka chini unakosa pa kutokea, chumvi inajikusanya nyuma ya lipu, na baada ya muda inabanduka na ngozi ya jiwe. Kijana anayejua kuchanganya na kupaka chokaa ana kazi ambayo mafundi wengi wa saruji hawaijui. Nyumba za zamani zisiguswe bila ruhusa ya watu wa mambo ya kale, na boriti za mikoko zina kibali chake cha misitu.

DadaSaiti

Kaka Raskazone, hapo kwenye miaka 17. Chini ya 18 kisheria ni mtoto, na sheria ya ajira ya 2004 pamoja na ile ya mtoto ya 2009 zinakataza kumpa mtoto kazi ya hatari. Wapange kwenye ufyatuaji, vipimo, kamba na kuta za chini. Shimo la choo na jukwaa hapana.

Shimo lenyewe lichimbwe na wazoefu. Udongo wa pwani ni wa kichanga, kuta zake zinaporomoka bila kutoa ishara. Likifika mita 1.2 liwe na mbao za kuzuia, na udongo uliotolewa ukae mita moja kutoka ukingoni. Kama kuna kisima shuleni, pimeni mita 30 kabla ya kuchora chochote.

Chokaa na saruji zinaunguza. Glavu za mpira na miwani kwa kila anayechanganya, na ndoo ya maji safi karibu kwa ajili ya macho tu, isichotwe kwa kazi nyingine. Ikimwingia mtu jichoni, aoshwe papo hapo kwa dakika 15 au zaidi, kisha apelekwe zahanati. Viatu vya kufunika vidole vinunuliwe kabla ya vifulana vyenye maandishi.

Kuhusu wasichana: hao wanne wenye watoto wachanga watatoroka wiki ya pili msipoweka mtu wa kukaa na watoto hapo hapo kiwanjani, kwenye kivuli. Mlipeni, bajeti yake ni ndogo kuliko hasara ya kupoteza mwanafunzi. Anzeni saa mbili na nusu asubuhi, baada ya shughuli za nyumbani, mmalize saa tisa na nusu. Chakula cha mchana kiwepo kila siku. Kijana aliyeamka bila chai hasomi pimamaji ifikapo saa saba, anatamani tu kazi ya kubeba imwishie. Na msikubali kamwe wasichana wageuzwe wachota maji. Zamu ya adhuhuri aliyoitaja Pimamaji iwahusu wao kwanza.

Raskazone (Tanga)

Ahsanteni sana, hapa nimepata pa kushika. Kwenye kamati kuna anayependekeza tofali za kufungamana, zile zinazoshikana kwa meno yake, kwamba zinaokoa udongo na vijana watazijua haraka. Mnasemaje? Na kuhusu cheti na soko?

Pimamaji

Tofali za kufungamana ni nzuri na wakala wa utafiti wa nyumba bora umezifanyia kazi miaka mingi. Za milimita 300 kwa 150 kwa 100 zinakwenda 33 kwa mita ya mraba. Ila zisiwe mwanzo. Zinajipanga zenyewe, kwa hiyo kijana hajifunzi kulisha udongo wala kusoma kamba, na siku akiitwa kwenye tofali za kawaida, ambazo ndizo nyingi Tanga, anaonekana hajui. Wekeni wiki ya kumi, siku nne au tano. Kozi ya kwanza ndiyo kila kitu: ikipinda milimita 5, hakuna kiungio cha kurekebisha huko juu.

DaftariLaSaiti

Cheti: VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Mtu anapimwa kwa alichonacho mkononi na kupewa cheti. Nendeni ofisi yao ya Tanga sasa, kabla ya kuanza, mjue masharti na wapimaji wanataka kuona nini. Yale mafaili ya vipimo, kila ukuta na tarehe yake na saini ya fundi, yawe kwa jina la kila kijana.

Soko: mkopo wa halmashauri unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambamo vijana wana asilimia 4, wanawake 4 na wenye ulemavu 2, hauna riba. Wasajili vikundi vidogo kupitia afisa maendeleo ya jamii. Vikundi vya watu watano wanaopatana vitadumu kuliko kikundi kimoja cha 20. Shule na zahanati za umma hujengwa mara nyingi kwa fosi akaunti, zikitumia mafundi wa mtaani, na sheria ya ununuzi inatenga asilimia 30 kwa makundi maalumu. Zabuni zinapita kwenye NeST, mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa umma, kwa hiyo mmoja kwenye kila kikundi ajifunze kuitumia.

Kimoja msikiondoe hata bajeti ikibana: siku ya kumaliza kila kijana aondoke na mwiko, pimamaji, timazi, kamba na futi vyake. Tengeni fedha hiyo leo, kwenye akaunti, kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji. Anayetoka na ujuzi bila vifaa anaazima kwa fundi, na fundi anamlipa kama saidia.

Raskazone (Tanga)

Nimeelewa. Kesho naonana na mwalimu mkuu tupige kamba ya mita 60 na kuweka vigingi 21. Sanduku la lita 35 fundi seremala wa mtaa ameshaanza kulikata.

ChokaaNaMawe (Bagamoyo)

Mwambie kipimo ni cha ndani, mkuu. Akipima kwa nje, unene wa mbao utakula lita kadhaa na kila zege litapungukiwa kokoto na mchanga.