Hakimu kala hongo, hukumu ikatoka ya haki: kamkosea nani?

Kinara: Wakuu, Francis Bacon, aliyekuwa juu kabisa kwenye mahakama za Uingereza, alikiri mwaka 1621 kupokea zawadi za wenye kesi, ila akashikilia hazikupindisha hukumu. Na kweli wapo waliotoa wakashindwa vilevile. Sasa dhuluma iko wapi?

Chokaa: Kwa hao walioshindwa. Wamelipa, mzigo hawakupata 😂

Bi Tufe: Masihara pembeni. Kosa ni dharau. Yule asiyetoa kakaa kwenye benchi, karatasi zake kazipanga vizuri, anadhani anasikilizwa. Kumbe mwenzake kashaongea kwa bahasha. Hata hukumu ikiwa sawa, kafanywa mjinga.

Mzee Kipara: Mwanafalsafa Aristotle alitaka watumishi wapokea zawadi wauawe.

Bi Tufe: Huyo ni Plato, mzee wangu, kwenye kitabu chake *Sheria*. Na alikataa hata kisingizio cha "nimepokea kwa jambo jema", yaani swali la Kinara lilishajibiwa kitambo.

Jiongeze: Falsafa ni ya walioshiba. Penye udhia penyeza rupia. Mwanangu anaungua homa, faili lake liko chini ya lundo. Nikatoa, likaja juu. Nimemdharau nani hapo?

Bi Tufe: Wote waliokuwa juu yako. Kila mmoja kashuka ngazi moja, na hakuna aliyeulizwa. Nao walibeba watoto.

Jiongeze: Una mtoto wewe?

Mzee Kipara: Bibie, mpunguzie. Kutoa hongo ni kitu kimoja, kunyang'anywa ni kingine. Mwenye mgonjwa mkononi hana hiari, aliyenyoosha mkono ndiye wa kushtakiwa.

Jiongeze: Mzee, sikunyang'anywa. Hakuna aliyeniomba. Nilijiongeza mwenyewe.

Chokaa: Wakili anakutetea, wewe unakiri 😂😂

Kinara: Jamani, Bacon...

Chokaa: Bacon alipigwa faini ya pauni 40,000, akafungwa siku chache tu, na faini yenyewe mfalme akamwondolea. Faili lake nalo lilikuja juu.

Bi Tufe: Na Jiongeze bado hajasema chochote kuhusu waliokuwa mbele yake.

Jiongeze: Nimekuuliza, una mtoto au huna?