Makahaba wa kambi za Marekani Korea Kusini: serikali ilihusika kiasi gani?

MsomaMikataba:
Wakuu, heshima kwenu. Nafuatilia muungano wa kijeshi wa Marekani na Korea Kusini, na kila nikigusa nakutana na "kijichon", vile vitongoji vya klabu nje ya kambi. Penye kambi hapakosi danguro, hilo najua, wala sihitaji kupelekwa Nanyuki kwenye kambi ya Waingereza kule Kenya. Swali langu: serikali iliendesha biashara ile, au ilifumba macho tu? Ukahaba si ulipigwa marufuku huko tangu 1961?

Faili_Kuukuu:
Marufuku ilikuwepo, mkuu, ila 1962 serikali ya Park Chung-hee, mtawala wa kijeshi wa Korea Kusini, ikatenga maeneo 104 ambamo sheria ile haikufuatiliwa, yakiwemo ya nje ya kambi. Klabu za humo ziliuziwa pombe isiyo na kodi ili ziwahudumie wageni na kuingiza dola.

Hali ikabana baada ya 1969, Rais Nixon wa Marekani alipotangaza akiwa kisiwani Guam kwamba nchi za Asia zibebe zaidi mzigo wa ulinzi wao. Mwaka 1971 Divisheni ya 7 ya jeshi la Marekani ikafungasha. Kwa jumla wakaondoka wanajeshi kama 20,000. Seoul ikashikwa na hofu. Julai mwaka huohuo, Anjeong-ri nje ya Camp Humphreys, askari weusi waliochoka kubaguliwa wakavunja klabu. Makamanda walikuwa na malalamiko mawili: magonjwa ya zinaa, na wanawake kuwakataa weusi. Ikulu ya Seoul ikaamuru "usafishaji" wa vitongoji, na kamati ya pamoja ya mkataba wa hadhi ya wanajeshi (ule wa nchi hizo mbili kuhusu askari wa Marekani walioko Korea) ikaunda kamati ndogo ya kushughulikia uhusiano wa kambi na raia. Yaani kisonono kikawa ajenda ya maofisa wa serikali mbili. Kwa hiyo hapana, macho hayakufumbwa.

Bi_Maabara:
Niongeze utaratibu wenyewe, maana watu huusikia juujuu.

Mwanamke aliandikishwa, akapewa kadi ya afya na beji yenye namba ya kuvaa klabuni. Kliniki kwa kawaida mara mbili kwa wiki, kadi inagongwa muhuri. Asiye na muhuri akikamatwa kwenye msako, anabebwa. Askari akiumwa, anaulizwa alilala na nani. Anaonyesha picha au namba, mara nyingine anazungushwa klabuni anyooshe kidole. Aliyenyooshewa anafungiwa kwenye kituo cha matibabu hadi vipimo viseme amepona. Kile cha Soyosan, Dongducheon, kilikuwa na vyuma madirishani, na watu walikiita "nyumba ya nyani". Humo walichomwa penisilini nyingi. Wapo waliokufa kwa mshtuko wa dawa.

Klabu nayo ilibanwa kwa neno moja: "marufuku kuingia". Kamanda akilibandika mlangoni, askari hawaingii, mwenye klabu anafilisika. Ndiyo maana wenye klabu wenyewe waligeuka wasimamizi wa kadi.

MsomaMikataba:
Asante, dada. Sasa kwa msako wote huo, mbona magonjwa hayakuisha?

Bi_Maabara:
Kwa sababu lilifungwa bomba upande mmoja. Kisonono kwa mwanamke mara nyingi hakina dalili, na kipimo cha kupaka ute kwenye kioo kinakosa wagonjwa wengi wa kike, hata ukirudia kila wiki. Mlevi naye anamnyooshea asiyehusika, na yule aliyemwambukiza anaendelea na kazi. Halafu kuna deni: ada ya dalali, chumba, kitanda, nguo, vyote viliandikwa na mwenye klabu, na riba juu. Mwenye deni hawezi kupumzika wiki mbili wala kumkatalia mteja asiyetaka kondomu. Akihamishiwa klabu nyingine, deni linamfuata.

Wakili_Kiti_cha_Nyuma:
Kama bado unataka ushahidi, mahakama zilishasema. Wanawake 122 walifungua kesi Juni 2014 dhidi ya serikali yao. Januari 2017 mahakama ya Seoul ikawapa 57 kati yao won milioni 5 kila mmoja, kwa kuwa walifungiwa kabla ya Agosti 1977, wakati kanuni ya kuwatenga wagonjwa ilikuwa haijatungwa. Februari 2018 mahakama ya rufaa ikaenda mbali zaidi: kumfungia mtu kwa kunyooshewa kidole tu, bila daktari kumpima, ni kosa hata baada ya kanuni, na serikali ilihalalisha na kuhamasisha ukahaba kwa ajili ya muungano na fedha za kigeni. Mambo kama maofisa kuwahutubia wanawake kwamba ni wazalendo yalihesabiwa hapo. Waliolipwa wakawa 117: 74 won milioni 7, 43 won milioni 3. Mahakama ya juu kabisa ikathibitisha Septemba 2022. Kwa maoni yangu ni fedha ndogo mno, lakini maneno yale kwenye hukumu ndiyo mazito.

Angalia pia aliyeshtakiwa: Korea peke yake. Askari wa Marekani kununua ngono kukawa kosa mahususi katika sheria yao ya kijeshi 2005 tu, wakati ambapo klabu nyingi zilishajaa Wafilipino walioingia kwa viza ya wasanii. Septemba 2025 wanawake 117 walifungua kesi mpya, na safari hii jeshi la Marekani limetajwa kwenye madai.