Nani aliwafundisha kutia DISTINCT kila mahali? Nimechoka!

Wadau, leo mnivumilie. DISTINCT ni neno la SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, linalofanya vinavyofanana vihesabiwe mara moja tu. Ijumaa mama mmoja anayeuza mitumba Gikomba alikuja ofisini kwetu na kijitabu chake cha akiba. Ameweka 2,000 kila mwezi kwa mwaka mzima, jumla 24,000. Taarifa tuliyomchapishia sisi wenyewe inasema 72,000. Mama anazitaka zote, na kwa nini asizitake? Mhasibu ananikodolea macho: "Ni hizo kompyuta zako."

Nikafungua kwiri (swali tunaloiuliza hifadhidata) niliyorithi. Jamaa aliyenitangulia ameunganisha jedwali la wanachama na la amana, hapo hapo akabandika la mikopo, kisha akapiga SUM, yaani jumla. Mama ana mikopo mitatu. Kila amana inakutana na kila mkopo, 12 mara 3, mistari 36! Amana zimehesabiwa mara tatu, na mikopo (hii mama hakuiona, bahati yetu) mara kumi na mbili. Mwenye mkopo mmoja amana zake zinatoka sawa, ndiyo maana kosa lilikaa humo kimya.

Kumbe jamaa alishawahi kulishtukia. Kwenye ripoti nyingine katia SUM(DISTINCT kiasi). Haya, amana kumi na mbili za 2,000 zinahesabiwa kama moja, na mama yule yule anabaki na 2,000. Ripoti moja tajiri, nyingine hana nauli ya kurudi Gikomba.

Na walimu wetu nao! Chuoni walituchorea viduara viwili vinavyopishana, wakasema huko ndiko kuunganisha majedwali. Kiduara kipi kilikuonyesha mstari mmoja ukizaa mitatu?

Jumlisha amana kivyake, mikopo kivyake, kila mwanachama awe na mstari mmoja kila upande, NDIPO uunganishe. Tumia LEFT JOIN, muungano unaobakiza kila mstari wa jedwali la kwanza, ili asiye na mkopo asipotee. Halafu usije ukaandika WHERE mikopo.hali = 'hai' (kichujio cha mikopo hai tu) mwishoni, maana asiye na mkopo ana NULL hapo, yaani patupu, na NULL hailingani na chochote, kwa hiyo umemfukuza tena. Sharti hilo liingie ndani ya hesabu ya mikopo, kabla ya kujumlisha.

Nimetafuta neno DISTINCT kwenye faili zote za jamaa. Ripoti kumi na nne. Jumatatu wakaguzi wanaingia.