Haidrojeni ya kuhifadhi umeme wa sola kituo cha afya, Lubumbashi: inalipa?

Sola_Ruashi
Yambo yenu. Kituo cha afya hapa Ruashi kina paneli za kW 20. Kila mchana kWh 50 hivi zinabaki bila kazi, na usiku delestaji (mgao wa umeme) inatukuta gizani. Kuna muuzaji anasema tununue elektrolaiza, mashine ya kupasua maji kwa umeme, tutengeneze haidrojeni kwa maji ya kisima, usiku tuigeuze tena umeme. Hesabu yake inasimama?

Fundi_Katuba
Haisimami, ndugu. Kilo moja ya haidrojeni inakula kWh 50 hadi 55, kwa hiyo ziada yenu yote ni kilo moja tu, tena kwa shida. Ndani yake mna kWh 33, na seli ya kugeuza gesi kuwa umeme itawarudishia 16 au 17. Betri za lithiamu zingewarudishia 45. Halafu kilo hiyo, kwa shinikizo la bar 30, inataka tangi la lita zaidi ya 400.

Maji nayo! Visima vyetu vingi vinapita kwenye miamba yenye chokaa. Kalsiamu ikiingia kwenye utando wa elektrolaiza ya PEM (aina yenye utando wa plastiki) inakaa humo, volti inapanda, utando unakufa mapema. Mnahitaji osmosi (kuchuja maji kwa utando), kisha resini ya kuondoa madini, hadi upitishaji umeme wa maji upime chini ya mikrosimensi 1 kwa sentimita. Kilo moja inatumia lita 9, na osmosi inamwaga zake juu ya hizo.

Mtambo_Kolwezi
Elektrolaiza ya alkali, ile ya maji yenye hidroksidi ya potasiamu 25–30%, haina urafiki na mawingu. Mkondo ukishuka chini ya 20% hivi, oksijeni inapungua lakini haidrojeni inayopenya diaframu (kizuizi kati ya gesi hizo mbili) haipungui, kiasi chake ndani ya oksijeni kinakaribia 4%, ambapo mchanganyiko unaweza kuwaka. Iwekewe kizimio cha kuizima ikifika 2%. Kipimagesi kifungwe darini, kwa sababu gesi hii inapanda.

Mahali pa haidrojeni ni mbolea: tani ya amonia, malighafi ya mbolea, inataka haidrojeni kilo 177 na umeme wa MWh 10 hivi, usiokatika. Kiwanda cha mbolea cha Sable, kule Kwekwe nchini Zimbabwe, walifanya hivyo kwa umeme wa gridi miaka mingi, hadi 2015 umeme ulipokuwa haba. Ndiyo maana hadithi hii huandamana na bwawa kubwa la umeme la Inga, si na paneli za dispanseri.

Sola_Ruashi
Asanteni. Basi betri za ukubwa gani? Usiku tunatumia kWh 24.

Fundi_Katuba
Betri ya LFP (lithiamu-chuma-fosfeti) ya kWh 30, msiishushe chini ya 20%. Pampu ya kisima na otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwenye vifaa) vifanye kazi saa tano hadi saa tisa mchana.