Kapasita ya seramiki au ya plastiki: ipi ifungwe kwenye njia ya sauti?

FundiAmpu: Habari zenu, wakuu. Ninaunda amplifaya ndogo ya maikrofoni, na kati ya hatua ya kwanza na ya pili nahitaji kapasita ya mikrofaradi 1. Nimepata tatu: ya seramiki yenye alama X7R, ndogo kama punje ya mchele, ya poliesta, na ya polipropilini, ambayo ni ndefu kuliko pingili ya kidole gumba changu. Ikiwa zote ni mikrofaradi 1, kwa nini nijaze bodi kwa dude hilo la mwisho?

Mwalimu wa Fizikia: Ndugu, tofauti hiyo ya ukubwa inatokana na polaraizesheni, yaani namna chaji zilizomo ndani ya kihami (kitu kisichopitisha umeme kilicho kati ya sahani mbili za kapasita) zinavyosogea kidogo, chanya upande huu na hasi upande ule, volti inapowekwa. Katika polipropilini elektroni tu ndizo zinazosogea, na uwezo wa kapasita wa kuhifadhi chaji huwa takriban mara 2.2 ukilinganishwa na ombwe. Poliesta hufika kama 3.3. X7R hutengenezwa kwa titaneti ya bariamu, na humo ioni ya titani haikai katikati ya oksijeni zinazoizunguka, bali huegemea upande mmoja na kugeuzwa kwa urahisi na uga wa umeme, kiasi kwamba ongezeko hufikia maelfu. Ndiyo maana punje ya mchele inatosha.

Sasa tazama gharama yake. Volti ya kudumu ikiwa kubwa, ioni hizo huwa zimekwisha kuegemea upande mmoja na hazina tena pa kwenda, kwa hiyo uwezo hupungua. Alama X7R inaahidi badiliko lisilozidi asilimia 15 kati ya nyuzi −55 na 125 za Selsiasi. Kuhusu volti haiahidi chochote. Kapasita ndogo sana iliyoandikwa volti 6.3 yaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake ikipewa volti hizo zote.

BintiSaketi: Niongeze lililonipata mimi mwenyewe. Nilifunga X7R mahali hapo hapo unapopazungumzia, kisha nikaigonga bodi kwa kitako cha penseli, na spika ikajibu "tok, tok" kana kwamba nimegonga maikrofoni. Titaneti ya bariamu ikitikiswa huzalisha umeme, na hatua inayofuata huukuza pamoja na sauti. Nilipoweka poliesta, niligonga nisisikie kitu.

FundiAmpu: Ahsante, dada. Hata hivyo nimechanganyikiwa kidogo: mbona kapasita za elektrolaiti ndizo zinazosemwa kuwa na polariti? Je, hizi nyingine hazina polaraizesheni?

Mwalimu wa Fizikia: Majina yanafanana, mambo ni mawili. Polaraizesheni hutokea katika kila kihami. Polariti ya elektrolaiti ni agizo la kufunga tu: kihami chake ni tabaka jembamba la oksidi ya alumini, ambalo huharibika ukigeuza chanya na hasi.

KijanaMasafa: Mwalimu, maelfu hayo hubaki hata masafa yakipanda sana?

Mwalimu wa Fizikia: La, na mfano mzuri ni maji ya kunywa. Kwa umeme wa masafa ya chini ongezeko lake ni takriban mara 80, kwa sababu molekuli nzima hugeuka kufuata uga. Kwa mwanga, kielezo cha mpindo cha maji (kipimo cha jinsi yanavyoupinda mwanga) ni 1.33, na kipeo chake cha pili, ambacho ndicho ongezeko lile lile kwa masafa ya mwanga, ni kama 1.77 tu, kwa kuwa molekuli haziwahi kugeuka na elektroni pekee ndizo zinazofuata. Titaneti ya bariamu nayo, kwa mwanga, hushuka kutoka maelfu hadi chini ya 6. Amplifaya ya sauti iko mbali mno na huko, kwa hiyo jambo hilo lisimsumbue ndugu yetu.

MzeeWaChuma: Msiitupe seramiki yote kwa kosa la moja. Kandokando ya miguu ya umeme ya IC (chipu) ndipo mahali pa X7R ya nanofaradi 100, kwani ikipungua robo hakuna atakayejua. Kwenye vichujio vya pikofaradi chache weka C0G, seramiki ya aina nyingine, ambayo haibadiliki zaidi ya sehemu 30 kwa milioni kwa kila nyuzi moja; ila ukiitaka ya mikrofaradi 1, utalia dukani. Kwa njia ya sauti mimi ningefunga poliesta. Polipropilini ni safi zaidi, lakini katika amplifaya ya maikrofoni sikio langu halijawahi kuitofautisha.

FundiAmpu: Shikamoo Mzee, na ahsanteni wote. Nimefunga poliesta kwenye njia ya sauti na X7R kwenye miguu ya umeme. Penseli nimeshagonga: kimya. Imebaki mvumo wa transfoma, ambao nitaufungulia uzi wake.